Pawa steringi ya M35A2: amua injini kwanza, boksi la steringi lifuate

Ndugu yetu mmoja aliyeko Texas kaandika hivi: "Shikamoo fundi. Nimenunua lori la M35A2 la 1971 la jeshi la Marekani kwenye mnada, naitumia shambani kubebea nyasi za ng'ombe na mara moja moja natoka nayo lami. Steringi ngumu mno, nikikata kona getini mabega yanawaka moto. Mlima nao unaishusha sana. Nataka nifunge pawa steringi sasa hivi, halafu mwakani nitoe ile multifuel niweke Cummins 6BT au DT466, au hata Fuso 6D16 maana kaka yangu wa Dar anaijua nje ndani. Tairi nimeshaweka zile pana, singo singo nyuma. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, hilo ni lori la maana sana. Ila mpango wako umekaa kinyumenyume. Ukifunga pawa steringi mwaka huu halafu injini ukabadilisha mwakani, kazi moja utailipia mara mbili, kwa sababu pampu ya steringi inakaa kwenye injini. Breketi, puli, mkanda, urefu wa hozi, hadi nafasi itakayobaki ya kupitisha shafti ya usukani, vyote hivyo vinaifuata injini. Kwa hiyo swali la kwanza siyo boksi gani, swali ni je multifuel, yaani injini yake ya kiwandani inayokula mafuta ya aina nyingi, inabaki au inaondoka. Na kabla hata ya hilo kuna kazi ambayo karibu ni ya bure na wengi wanairuka.

Piga jeki mbele, tairi zote mbili ziwe hewani, weka stendi za uhakika chini ya ekseli usitegemee jeki, halafu zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hapo unatakiwa uzunguke kwa mkono mmoja tu bila kulazimisha. Ukiona bado mgumu au kuna sehemu unakwama, chomoa draglinki (fimbo inayotoka kwenye boksi la steringi kwenda kugeuza tairi) ujaribu tena, usukani ukilegea jua ugonjwa uko chini kwenye kingpini na nakoli (maungio ambayo tairi za mbele zinageukia), ukibaki mgumu vilevile basi boksi lenyewe ndio tatizo. Ekseli ya mbele ya hayo malori ina mipira inayofunika nakoli, na lori lililokaa uwanjani miaka mingi mipira hiyo inakuwa imepasuka, maji na mchanga vimeingia, grisi imeoshwa yote, bearingi zimekula kutu. Funga pawa steringi juu ya hiyo hali na hutasikia tena ugumu, lakini ugumu bado upo, sasa hivi unabebwa na tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) na mikono ya nakoli, na siku kimojawapo kikikatika uko barabarani. Kwa hiyo fungua, osha, badilisha bearingi, weka grisi mpya, pima na uelekeo wa tairi za mbele.

Boksi la kiwandani ni Ross, lile la kamu na pini. Angalia kama lina oili kwanza, mengi ni makavu. Pembeni lina skrubu ya kurekebishia, na huko ndiko mikono ya watu imepita sana, mtu akiona usukani una mchezo anaikaza tu, anaikaza mpaka boksi linabana katikati, halafu anasema malori ya jeshi yana steringi ngumu. Irekebishe ukiwa umechomoa draglinki na usukani uko katikati kabisa.

Sasa tairi. Kama ulizoweka ni zile 395/85R20 ambazo wengi huko wanazipenda, elewa umebadilisha mambo mawili kwa mpigo. Lori lilitoka kiwandani na 9.00-20, wewe umeweka tairi yenye upana wa inchi 15 na nusu, kwa hiyo mpira unaosugua ardhi ukikata kona ukiwa umesimama ni mwingi zaidi, na mbele pale kuna uzito wa zaidi ya tani 2.5 hata bila mzigo. Hilo ndilo linalokuunguza mabega. La pili ni kwamba tairi ya zamani ina kipenyo cha inchi 40 hivi, hiyo yako ni 46, yaani umeirefusha gia ya lori kwa kama asilimia 15 bila kugusa difu. Hapo ndipo mlima unapoishusha! Injini haijachoka, umeipa kazi mpya. Kabla hujaanza kuitukana multifuel fikiria kwanza kama hizo tairi unazihitaji kweli, maana ukirudi kwenye 9.00-20 utapunguza matatizo yako yote mawili siku hiyohiyo. Mimi ningekuwa na lori la kuvuta nyasi ningerudi. Lakini najua mtu akishaziona zile pana zimekaa chini ya lori hataki kuzitoa, sawa, tuendelee ukiwa nazo.

Multifuel yako, kama haijawahi kubadilishwa, ni LDT-465-1C, uzao wa Continental. Silinda 6, lita 7.8, hospawa 130 hivi kwenye mizunguko 2600 kwa dakika na toki (nguvu ya kuzungusha) kama paundi-futi 300. Mgandamizo wake ni 22 kwa 1, mkubwa kweli. Ndani yake kuna ufundi wa MAN ya Ujerumani, mafuta mengi yanapakwa kwenye ukuta wa bakuli lililochongwa juu ya pistoni, yanageuka mvuke kidogo kidogo na kuwaka taratibu badala ya kulipuka yote kwa pamoja, ndio maana inakunywa dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na petroli kwa dharura. Na tabo yake watu wengi hawaielewi, haikuwekwa kuongeza nguvu, iliwekwa kupunguza moshi, ile LD-465 isiyo na tabo ina hospawa karibu zilezile. Iliyotengenezwa kwa nguvu ni dada yake LDS-465 iliyokuwa inavuta M54A2 ya tani 5.

Ubaya wake ni upi? Kwanza haipendi kuzungushwa kupita kiasi. 2600 ni mwisho, na hatari kubwa siyo ukiwa unakanyaga, ni ukiteremka mlima na gia ndogo lori linaisukuma injini, mshale unapita, koniki rodi inatoka nje ya bloku. Pili gasketi ya silinda hedi, tatu pampu ya nozeli, maana hedi ya pampu hiyo ikikaa na mafuta mabovu inakwama na spea zake zinazidi kuadimika. Pale kwenye pampu kuna na kile kifaa cha kupima uzito wa mafuta ili kirekebishe kipimo kulingana na aina ya mafuta, kikianza kuvuja wengi wanakipita tu, na kwa mtu anayetumia dizeli peke yake hakuna hasara. Ukiniuliza mafuta ya kuchanganya changanya, oili chafu na petroli kama watu wanavyofanya kwa sababu eti ni multifuel, usifanye. Inaweza, ila pampu ndiyo inayolipa.

Ukitaka kujua iko hai au la, iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa uone inashika kwa haraka gani na ule moshi mweupe unaisha lini, angalia presha ya oili ikishapata moto na iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), fungua mfuniko wa kujazia oili uone upepo unaotoka, na uangalie kama rediata inatoa mapovu. Ikipita hapo, iache. Nasema hivi siyo kwa mapenzi ya vitu vya kale, ni hesabu. Difu zako ni 6.72, gia ya tano ni ya mwendo mrefu kama 0.79, ukipiga hesabu na tairi za kiwandani mizunguko 2600 inakupa kilomita 90 na kidogo kwa saa, maili 56. Sasa 6BT ya zamani nayo inaishia maeneo ya 2500 mpaka 2700. Kwa hiyo utatumia dola zako zote na spidi ya juu itabaki palepale! Utakachopata ni kupanda mlima bila kushusha gia, na hicho ni kitu kizuri sikatai, lakini ujue unanunua nini.

Ikiwa imekufa au iko njiani, hapo mimi nakwambia 6BT bila kusita, ila siyo ya kila mahali. Ile ya vali 12, lita 5.9, ilipoingia kwenye Dodge Ram za modeli ya 1989 ilikuwa na hospawa 160 na toki paundi-futi 400, tena toki hiyo inakuja chini kabisa kwenye mizunguko 1700 hivi, na ni nyepesi kuliko multifuel. Zile za pikapu za 1994 hadi 1998 zina pampu ya Bosch P7100, pampu ngumu sana, isiyotaka kompyuta. Ubaya wake mmoja unaojulikana dunia nzima ni ile pini ndogo ya chuma nyuma ya kava la taimingi, inalegea na mtetemo mpaka inadondokea kwenye gia za taimingi, ukiipata injini nje ya gari lazima uifungie isitoke kabla ya kuiweka chini ya boneti, ni kazi ya mchana mmoja.

Ila angalia hapa, na hii ndiyo sababu nimesema usiichukue mahali popote. 6BT ya pikapu haina kompresa ya upepo. Lori lako breki zake zinasaidiwa na upepo, waipa ni za upepo, honi ni ya upepo. Ukileta injini ya Ram utakuja kuhangaika kutengeneza breketi ya kompresa ya mkanda. Tafuta 6BT iliyotoka kwenye lori la kati au basi, hiyo inakuwa na kompresa inayoendeshwa na gia, na nyingi zinakuja na pampu ya pawa steringi imebandikwa nyuma ya hiyo kompresa. Unaona sasa? Upepo umepata, pampu ya steringi umepata, hakuna mkanda wa kukatika, na zote zimefungwa kiwandani kwa vipimo vya kiwandani. Nusu ya kazi ya pawa steringi imeisha kabla hujagusa steringi. Ndiyo maana nakwambia injini kwanza.

Vya kukumbuka kwenye hiyo kazi: lori ni volti 24, kwa hiyo stata, alteneta na soleno ya kuzimia lazima zilingane. Pima haosi ya flaiwili na ya giaboksi kabla ya kulipa hela, usiambiwe tu kwa mdomo kwamba inaingia. Na giaboksi lako lilizoea paundi-futi 300, ukilipatia 400 kutoka chini basi gia ya kwanza ukiwa na mzigo iwe kwa adabu.

DT466 ni injini ya heshima, lita 7.6, ya International, ina silivu za maji (mikebe ya silinda inayotoka, inayozungukwa na maji) yaani oveholi unaifanya ikiwa palepale kwenye chasi, unatoa silivu na pistoni unaweka mpya, wakati 6BT haina silivu, ikilika inatolewa ikachongwe. Mabasi ya shule yaliyokufa Texas yamejaa DT466. Kama ungekuwa unavuta trela zito kila siku ningekwambia chukua hiyo. Lakini ni nzito na ndefu kuliko 6BT, inakula nafasi mbele, na uzito wake unaangukia ekseli ileile unayolalamikia usukani wake. Ukiichukua, iwe ya pampu ya kawaida, siyo ile E ya umeme ya katikati ya miaka ya 90, hiyo nozeli zake zinasukumwa na oili yenye presha na zinataka kompyuta.

Utasikia na Caterpillar 3116, lita 6.6, maana jeshi lenyewe lilipofufua hayo malori miaka ya 90 kuwa M35A3 liliweka hiyo pamoja na giaboksi otomatiki ya Allison. Jeshi lilikuwa na mafundi na vifaa. Nozeli za 3116 za mwanzo zinataka kusawazishwa kwa vifaa maalumu na spea zake bei iko juu, siioni kwa mtu wa shamba.

Na Fuso. 6D16 ni lita 7.5, naipenda, na kaka yako ana haki ya kuisifia, kwa sababu yeye akitaka pistoni, ringi au maji pampu anashuka Gerezani anarudi nayo mchana, na Nairobi ni hivyohivyo pale Kirinyaga Road. Wewe uko Texas. Huko Fuso za saizi hiyo ni chache, utasubiri gasketi wiki nzima wakati ng'ombe wanasubiri nyasi. Injini nzuri ni ile ambayo spea yake iko karibu na wewe, kwa hiyo ushauri wa kaka ni sahihi kwa Dar na siyo sahihi kwa ulipo.

Haya, steringi sasa. Njia ziko kama nne hivi.

Ya rahisi ni upepo. Kuna silinda ya upepo iliyokuwa inauzwa kwa jina la Air-O-Matic, inafungwa kwenye draglinki pamoja na vali yake, ukivuta usukani kidogo vali inasikia, upepo unasukuma. Boksi la zamani linabaki, pampu huhitaji, injini yoyote yenye kompresa inaiendesha, kwa hiyo kama kweli huwezi kuamua injini leo na mabega hayasubiri, hii ndiyo peke yake unayoweza kufunga sasa hivi na isipotee mwakani. Ubaya, upepo unabonyea, usukani unakuwa na kuchelewa kidogo halafu unaruka, kwenye mwendo wa lami lazima uuzoee. Na inakunywa upepo uleule wa breki, kwa hiyo lazima uweke vali ya kulinda presha ili steringi ikatiwe upepo kabla breki hazijaanza kuishiwa. Bila hiyo vali usifunge.

Ya pili ni silinda ya haidroli ya kusaidia, boksi la Ross linabaki na silinda inasukuma pembeni. Ndugu zake wa tani 5, M54 na M809, walitumia mfumo wa namna hiyo, kwa hiyo vifaa vya jeshi vipo. Ni imara, na hozi ikipasuka bado una usukani wa chuma kutoka mikononi hadi tairini.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri kama injini ikishakaa, boksi zima la pawa, kama TAS ya Ross au Sheppard, kutoka malori ya kati. Usukani unakuwa mwepesi na unarudi wenyewe vizuri. Usichukue boksi kubwa kwa sababu limepatikana bei poa, chagua kwa uzito wa ekseli ya mbele, yako haifiki tani 3, boksi la lori la tani 6 mbele litavunja mikono ya nakoli siku tairi imebanwa kwenye jiwe.

Ya nne ni ile ya trekta na foklifti, haidroli tupu bila chuma kinachounganisha usukani na tairi. Shambani tu inafanya kazi. Wewe unatoka lami, hozi moja ikiachia huna usukani kabisa, achana nayo.

Ukifunga boksi zima, hakikisha kwanza pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi kusukuma draglinki) inaelekea upande sahihi, maboksi mengine yanageuza kinyume na ukishamaliza kuchomelea breketi ndio unagundua ukikata kulia lori linakwenda kushoto. Shafti ya Ross ni ndefu inapanda moja kwa moja hadi kwenye usukani, boksi jipya litataka shafti ya kati yenye krosi mbili, zipangane sawa la sivyo utasikia usukani unakaza na kulegea kila mzunguko. Chasi iongezewe bamba pale boksi linapokaa, kwa bolti za gredi 8, usichomelee kwenye kingo za juu na chini za chasi. Na pitmani amu, draglinki, mkono wa nakoli, hivi havipashwi moto, havikunjwi, havichomelewi. Hata kidogo. Ukihitaji urefu tofauti nunua au kachongeshe mpya kwa mtu anayefanya kazi hizo.

Pampu kwa multifuel itabidi iwe ya mkanda kutoka puli ya kranki. Iwe pampu ya steringi yenye vali ya kuzuia presha na ya kupima mtiririko, siyo pampu ya gia ya kunyanyulia bakuli la trekta, hiyo inaongeza mafuta kadiri injini inavyozunguka, ukiwa mwendo mdogo usukani unakuwa mzito na ukikimbia lami unakuwa mwepesi hatari. Presha yake isizidi ile iliyoandikiwa boksi, na mtiririko uweze kulisha boksi usukani ukizungushwa mzunguko mmoja na nusu kwa sekunde hata injini ikiwa sailensa. Tanki likae juu ya pampu, na filta iwe kwenye laini ya kurudi. Usukani mkubwa wa jeshi uache ulivyo, siku pampu ikifa huo ndio utakaokufikisha pembeni.

Breki nazo nisiziache. M35A2 ina mfereji mmoja tu wa mafuta ya breki kwa tairi zote, silinda moja ya gurudumu ikivuja zote zimeondoka. Ukishaipa 6BT na usukani mwepesi utaiendesha kwa kasi kuliko ilivyozoea, kwa hiyo kabla ya injini mpya weka masta silinda ya mifereji miwili. Na chunguza mafuta yaliyomo, jeshi lilihamia silikoni, usiyachanganye na ya kawaida ya dukani.

Ukimaliza kufunga, jaza mafuta, usiwashe injini kwanza, inua tairi za mbele uzungushe usukani taratibu mwisho hadi mwisho ukiongeza mafuta mpaka mapovu yaishe, ndio uwashe. Kisha rekebisha vali za mwisho za boksi ziachie presha kabla nakoli haijagonga stopa zake, TAS nyingi zinajipanga zenyewe ukizikata hadi mwisho mara ya kwanza, kwa hiyo stopa za ekseli ziwe zimeshawekwa sawa kabla ya kukata huko. Zunguka nayo shambani siku mbili tatu bila mzigo, halafu pita na spana kwenye kila bolti ya boksi na bamba ndio utoke nayo lami.